Steringi na Kwao: Filamu za Mashujaa wa Katuni Machoni pa Mtazamaji wa Kilimanjaro

Filamu ya shujaa wa katuni ni filamu iliyochotwa kwenye jarida la michoro, ikimhusu mtu mwenye nguvu zipitazo za binadamu, au mtu wa kawaida aliyejivika sare na jina la siri ili apambane na waovu. Jadi hii ilizaliwa Marekani. Superman alichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, akiwa kazi ya vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Batman akafuata mwaka 1939. Miaka ya 1960 Stan Lee, pamoja na wachoraji Jack Kirby na Steve Ditko, wakaijaza kampuni ya Marvel wahusika wapya, wakiwamo Spider-Man wa mwaka 1962 na Black Panther wa mwaka 1966. Sinema iliwachukua mapema, lakini kwa muda mrefu iliwatengenezea filamu za bei nafuu zilizoonyeshwa vipande vipande wiki hadi wiki. Filamu iliyoanza kuwapa mashujaa hawa fedha nyingi na heshima inayopewa hadithi nyingine yoyote ni Superman ya mwaka 1978, iliyoongozwa na Richard Donner, Christopher Reeve akiwa mhusika mkuu.

Tangu hapo zimetoka nyingi mno, na kubishana ipi bora na ipi mbovu kumekuwa mazungumzo ya kila kijiwe cha vijana. Mmoja hupima kwa mapigano, mwingine kwa ufundi wa kompyuta, mwingine kwa namna filamu ilivyofuata jarida lake. Kuna kipimo kingine ambacho Afrika Mashariki ilikuwa nacho kabla sinema haijafika: shujaa huyu ni wa nani, na watu wake wanamdai nini. Ukikitumia hicho, orodha ya zinazopendwa na zisizopendwa hupanguka, na baadhi ya filamu zilizoingiza fedha nyingi hushuka hadi mkiani.

Njia ambayo filamu hizi zilipitia kufika mteremko wa Kilimanjaro inaeleza mengi kuhusu jinsi zinavyotazamwa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Miji mikubwa ilikuwa na kumbi za sinema, na huko filamu za Kihindi, za kibabe za Kimarekani na za kung-fu ndizo zilizojaza viti. Mikanda ya video ilipoenea, sinema ilitoka kwenye ukumbi wa mjini ikahamia kwenye kibanda. Mji wa Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, uko kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha, mahali inapochepuka njia ya Sanya Juu. Mji wa njia panda kama huo hupokea kila kinachopita: mahindi, mitumba, habari, na muvi. Mkanda uliotoka Dar es Salaam au uliovuka mpaka wa Namanga haukuchelewa kufika.

Kibanda umiza, kama kinavyoitwa kote nchini, ni chumba cha mabanzi au matofali kilichoezekwa bati, madirisha yamezibwa kwa turubai ili mwanga usiingie, mabenchi yamepangwa hadi karibu kabisa na runinga. Nje kuna ubao wenye ratiba kwa chaki: muvi ya mchana, muvi ya jioni, na mwisho wa wiki mechi za Uingereza ambazo hufukuza kila kitu kingine. Joto ni kali, na jina la kibanda limetokana na mateso hayo ya kukaa. Lakini watu hukaa, na hukaa wakizungumza. Steringi, yaani mhusika mkuu, akikosea, anaonywa kwa sauti. Adui akiingia mlango wa nyuma, nusu ya chumba inapiga kelele kumtaarifu steringi. Hukumu ya filamu hutolewa papo hapo, na haina simile: muvi iliyoshindwa kumfanya mtu amjali steringi wake huzimwa, nyingine ikawekwa.

Kati ya filamu na mabenchi akasimama mtafsiri. Tanzania kazi hiyo ilipewa umaarufu na Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, na baada yake wakaja akina DJ Mack na DJ Murphy. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina VJ Jingo anayefasiri kwa Kiganda. Watafsiri hawa hawafuati maneno ya wahusika neno kwa neno. Hueleza nani ni ndugu wa nani, nani anamdai nani, kwa nini huyu amekasirika, na hapo hapo humpa mhusika sababu ambazo mwandishi wa filamu hakuziandika. Filamu ya Kimarekani yenye shujaa asiye na kwao hutoka kinywani mwa mtafsiri ikiwa imeongezewa mama, deni na kisasi. Hii ni sanaa yenye hadhi yake kamili, nayo imefanya kazi kubwa zaidi ya kuzikaribisha filamu hizi nchini kuliko matangazo ya kampuni zilizozitengeneza.

Mtafsiri alijua wasikilizaji wake wanatafuta nini kwa sababu walikuwa tayari na mashujaa wao wa nguvu za ajabu. Mkubwa kati yao kwa Waswahili ni Fumo Liongo wa pwani ya kaskazini ya Kenya, ambaye habari zake zilichapwa na Edward Steere mwaka 1870 na kutungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liongo alikuwa na umbo na nguvu zilizowatisha wenye mamlaka. Alipofungwa, mama yake alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, naye akakata minyororo huku nje ngoma na nyimbo zikifunika sauti ya chuma. Hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo ilijulikana na watu wachache sana, na aliyeitoa ni kijana wa damu yake mwenyewe, mtoto wake kwa masimulizi mengi, aliyeahidiwa cheo na maadui. Liongo alichomwa akiwa amelala, akainuka, akachukua upinde wake, akaenda kupiga goti karibu na kisima akiwa ameweka mshale. Alifia hapo hapo, na watu wa mji wakakaa bila maji kwa sababu hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Upande wa Ziwa Viktoria, Wajaluo wana Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Maadui walimwoza binti yao, mke huyo akagundua kwamba uhai wa mumewe uko kwenye kivuli, na vita vilivyofuata mkuki ukatupwa kivulini. Hadithi hizi mbili zimejengwa kwa namna moja. Nguvu ya shujaa ni kubwa, udhaifu wake ni mmoja, na mlango wa udhaifu huo ni jamaa. Adui wa mbali hawezi kitu mpaka mtu wa nyumbani amfungulie. Mtu aliyekulia kwenye masimulizi ya namna hii hatishwi na ukubwa wa jengo linaloporomoka kwenye skrini. Anangoja kuona nani wa nyumbani atamsaliti steringi, au steringi atamsaliti nani.

Ajabu ni kwamba majarida ya katuni ya Afrika Mashariki hayakuwageukia mashujaa hao. Yalichagua kicheko. Juha Kalulu wa Edward Gitau nchini Kenya, Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, wahusika wa jarida la Sani kama Ndumilakuwili na Lodilofa, na Kingo wa James Gayo, wote ni watu wa mtaani wanaoponea ujanja au wanaoumbuka kwa ujinga wao. Aliyekaribia ushujaa wa sinema ni Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na sigara katika jarida la picha la African Film, lililochapishwa na kampuni ya Drum na kusomwa sana Kenya, Uganda na Tanzania miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Spearman alipigwa picha badala ya kuchorwa, na kila toleo lilikuwa kama filamu iliyosimamishwa karatasini. Hata hivyo hakuhamia kwenye sinema. Kwa hiyo hadithi za mashujaa wa katuni zilipoanza kumiminika kutoka Marekani, eneo hili lilikuwa na watazamaji waliokomaa ila halikuwa na filamu yake ya aina hiyo.

Filamu zilizokaa vizuri na watazamaji hao ndizo zilizomfunga shujaa kwa watu wake. Superman ya mwaka 1978 ni nzuri hasa kwa sehemu yake ya mwanzo, kijijini Smallville, ambako mvulana mwenye uwezo wa kuishinda treni kwa mbio anashindwa kuuzuia moyo wa baba yake mlezi usisimame. Spider-Man 2 ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Sam Raimi, inakwenda mbali zaidi. Peter Parker, yaani Spider-Man, anaisimamisha treni iliyoshindwa kufunga breki kwa kujitanua mbele yake, nyuzi zikiwa zimenatishwa kwenye majengo ya pande zote mbili, kisha anazirai. Abiria wanamshika asidondoke, wanampitisha kwa mikono juu ya vichwa vyao na kumlaza sakafuni. Kinyago kimevuka, na wanaona kwamba ni kijana mdogo tu. Wanamrudishia kinyago chake na kuahidi kunyamaza. Katika dakika hizo mji wa New York unageuka kuwa watu wa kijana huyo, na filamu inapata kitu ambacho mapigano yake yote na adui Doctor Octopus hayakukipata.

The Dark Knight ya mwaka 2008 husifiwa zaidi kwa uigizaji wa Heath Ledger, aliyepewa Oscar baada ya kufariki, na sifa hizo ni za haki. Katika vibanda, hata hivyo, Blade ya mwaka 1998 ina nafasi ya pekee. Blade alitoka kwenye jarida la Marvel la mwaka 1973, kazi ya Marv Wolfman na Gene Colan, na filamu yake, Wesley Snipes akiwa steringi, ilikuwa ya kwanza kutokana na mhusika wa Marvel kufanikiwa kweli kibiashara, miaka miwili kabla ya X-Men. Mama yake aling'atwa na mnyonya damu akiwa mjamzito. Mtoto akazaliwa na nguvu za wanyonya damu pamoja na kiu yao, ila jua halimdhuru. Kila siku inambidi ajichome dawa ili asiwe kile anachokiwinda. Na mwishoni anagundua kwamba mama aliyemlilia maisha yake yote hakufa: amekuwa mmoja wao, na anasimama upande wa adui. Aliyesimuliwa Liongo haoni ugeni wowote hapo. Kwa upana wa fikra Blade ni filamu ndogo, na sehemu ya mwisho inategemea damu ya kompyuta ambayo imechakaa, lakini mfupa wake ni imara.

Kisha ikaja Black Panther ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ryan Coogler. Hii inastahili nafasi zaidi. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, ikapata Oscar tatu mwaka 2019, za mavazi, usanifu wa mandhari na muziki, na ikawa filamu ya kwanza ya shujaa wa katuni kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Afrika Mashariki ilikuwa ndani yake kwa damu. Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, alicheza Nakia. Florence Kasumba, mzaliwa wa Uganda aliyekulia Ujerumani, alicheza Ayo. Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London na wazazi wa Uganda, alicheza W'Kabi. Sehemu ya picha za angani za nchi ya Wakanda zilipigwa Uganda. Februari 2018 Kisumu ikawa na uzinduzi wake wa filamu hiyo, mwenyeji akiwa gavana wa kaunti, Anyang' Nyong'o, baba yake Lupita. Ni Kisumu ile ile iliyopakana na nyanda za Kano za Luanda Magere.

Mbunifu wa mavazi Ruth E. Carter alichukua blanketi za Wasotho, udongo mwekundu wa Wahimba, pete za shingo za Wandebele, kofia pana ya wanawake wa Kizulu, na shanga na rangi nyekundu za Wamaasai kwa ajili ya walinzi wa mfalme. Mtazamaji wa Hai, ambaye siku ya soko hukutana na Wamaasai wanaoshusha ng'ombe na mbuzi wao, aliweza kuona shanga hizo zikiwa na kazi: zinaonyesha cheo na utii. Waigizaji waliozivaa walipewa hadhi na kauli. Wajabari wa M'Baku, wanaoishi mlimani kwenye theluji na kuwatazama kwa dharau wenye mji wa bondeni, walieleweka upesi mahali ambapo Kibo inaonekana asubuhi na ambapo ubishi kati ya watu wa juu na watu wa chini ni wa siku nyingi. Katika jarida la zamani M'Baku alikuwa mtu wa kuchukiza aliyevaa ngozi ya sokwe. Coogler na mwandishi mwenzake Joe Robert Cole walimgeuza kuwa kiongozi mwenye hoja na ucheshi, na uamuzi huo peke yake unaonyesha jinsi filamu inavyoweza kulirekebisha jarida lililoizaa.

Kiini cha filamu ni kosa la ndani ya ukoo. Mwaka 1992, huko Oakland, Mfalme T'Chaka anamuua ndugu yake N'Jobu na kumtelekeza mtoto wa marehemu ili siri isitoke. Mtoto huyo anakua, anakuwa mwanajeshi wa Marekani, na anarudi akiwa Killmonger kudai kiti. Hakuja na uongo. Anachodai ni haki yake ya damu, na anachouliza, kwa nini Wakanda ilijificha na utajiri wake wakati Waafrika wengine wakiuzwa na kutawaliwa, hakina jibu la heshima. T'Challa, mwana na mrithi wa T'Chaka, anapokutana na mababu zake kwa mara ya pili, anawaambia usoni kwamba walikosea wote. Ni kauli nzito kwa mtu yeyote aliyelelewa kuwaheshimu wazee, na filamu inaifikia kwa taratibu.

Katika eneo moja Killmonger anasimama mbele ya kabati la vioo katika jumba la makumbusho la London na kumuuliza mtunzaji wake jinsi vitu hivyo vilivyopatikana: vilinunuliwa kwa bei ya haki, au vilichukuliwa tu? Kwa watu wa Kilimanjaro swali hilo lina jina la mtu. Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi na mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892, akashindwa nao mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa pamoja na viongozi wenzake. Kichwa chake kilikatwa, na familia yake imekuwa ikikitafuta Ujerumani, ambako maelfu ya mafuvu kutoka makoloni yalikusanywa kwa jina la sayansi. Mwaka 2023 taasisi inayohifadhi mafuvu hayo Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimelioanisha fuvu moja na jamaa walio hai wa Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Mwaka 2018, mwaka ule ule wa Black Panther, kisa chake kilifanywa filamu fupi ya michoro katika maonyesho yaliyoitwa Mangi Meli Remains, yaliyofika hadi Old Moshi penyewe. Wasanii wa Dar es Salaam walishiriki kuichora. Haikutokana na jarida la katuni, lakini inaonyesha kwamba mkono wa kuchora shujaa wa mlima huu upo.

Black Panther ina udhaifu wake, na kuupenda ukweli kunadai utajwe. Nchi yenye treni zinazoelea na hospitali zisizoshindwa na risasi inachagua mkuu wake kwa ngumi za maporomokoni; nusu ya msiba wa filamu ingezuiwa na baraza la wazee linalofanya kazi. Wakanda imewekwa Afrika Mashariki, ila watu wake wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini. Lugha hiyo iliingia kupitia mwigizaji John Kani katika Captain America: Civil War iliyotangulia, na kwa kusikika ni nzuri; lakini Kiswahili, lugha ya mamilioni katika eneo hilo hilo, kimeachiwa majina machache. Kubwa zaidi ni jasusi wa CIA, Everett Ross, anayefanywa rafiki mwema anayesaidia kuiokoa nchi. Katika bara linalokumbuka yaliyompata Patrice Lumumba mwaka 1961, urafiki huo ulihitaji maelezo, na hayakutolewa.

Upande wa zisizopendwa, baadhi hazihitaji maneno mengi. Batman & Robin ya mwaka 1997 ni taa na vikaragosi. Catwoman ya mwaka 2004 ilimchukua Halle Berry, mwigizaji mwenye Oscar, ikamnyang'anya mhusika wake mji, jina na historia, ikamwachia kampuni ya vipodozi ya kupigana nayo. Berry alipewa tuzo ya dhihaka ya mwigizaji mbaya, akaenda kuipokea mwenyewe, jambo la ujasiri kuliko lolote lililomo kwenye filamu.

Kosa linalouma zaidi Afrika Mashariki lilimpata Berry huyo huyo katika X-Men ya mwaka 2000. Storm, yaani Ororo Munroe, alibuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975. Mama yake ni mwanamke wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya, baba yake mpiga picha wa Kimarekani; alikulia yatima mjini Cairo, akatembea kwa miguu hadi nyika za Serengeti, na huko nguvu zake juu ya mvua na radi zikamfanya aheshimiwe kama mungu. Jarida lenyewe lina kasoro: wanakijiji wake wanaabudu tu na hawasemi mengi. Hata hivyo lilikuwa na mbegu nzuri. Mwenye mvua Afrika Mashariki si mtu wa miujiza tu, ni mtawala. Wafalme wa Usambara walihesabiwa kuwa na uwezo wa kuleta mvua na wa kuizuia, na uhalali wa kiti chao ulipimwa kwa mavuno. Kwenye mteremko wa Kilimanjaro maji yanayoshuka kwa mifongo, yaani mifereji ya jadi, kutoka Machame kwenda mashamba ya chini yamekuwa na wenyewe, zamu na kesi zake kwa vizazi. Shujaa mwenye kuamuru mawingu, katika nchi kavu ya Bomang'ombe ambako mahindi hutegemea wiki chache za masika, angekabiliwa na maswali magumu kweli kweli: anyeshee nani kwanza, na anayenyimwa aende kulalamika wapi?

Filamu ya mwaka 2000 haikugusa hata moja ya haya. Ilimpa Storm nywele nyeupe, sentensi chache na lafudhi ya Kiafrika isiyojulikana ni ya wapi. Kufikia filamu ya pili mwaka 2003 lafudhi ilitoweka bila maelezo. X-Men: Apocalypse ya mwaka 2016, Alexandra Shipp akiwa Storm kijana, ilirudi hadi mitaa ya Cairo na ikakomea hapo. Mhusika mwenye uhusiano wa karibu zaidi na eneo hili katika majarida yote makubwa ya Marekani amepita filamu nyingi bila kuonekana akiwa nyumbani.

Batman v Superman ya mwaka 2016, kazi ya Zack Snyder, mapema kabisa inafanya kosa la jamii hiyo hiyo likiwa limekuzwa. Superman anaingia katika nchi ya jangwa barani Afrika inayoitwa Nairomi, jina linalofanana kwa sauti na Nairobi, kumwokoa mwandishi Lois Lane. Watu wa kijiji wanakufa katika tukio hilo, naye analaumiwa. Mwanamke wa kijijini anafika mbele ya Bunge la Marekani kutoa ushahidi, akichezwa na Wunmi Mosaku. Katika toleo la kumbi za sinema anapewa muda mfupi tu, kisha anaachwa. Sehemu kubwa ya kisa chake ilikatwa, ikarudishwa baadaye katika toleo refu lenye takribani nusu saa ya ziada. Watengenezaji walipohitaji kupunguza dakika, waliona mama huyo ndiye wa kupunguzwa. Vifo vya Nairomi vinabaki kuwa hoja katika ugomvi wa wanaume wawili wa Kimarekani, na Nairomi yenyewe haina mji, mzee wala wimbo. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 870, jambo lisilobadilisha chochote katika hukumu hii.

Kuilinganisha na Captain America: Civil War ya mwaka huo huo kunaonyesha kwamba kosa halikuwa la lazima. Hiyo nayo mapema inafika Afrika, sokoni Lagos, na mashujaa wa Kimarekani wanasababisha vifo, wakiwamo vya Wawakanda waliokuwa kwenye kazi ya misaada. Tofauti ni kwamba marehemu wana serikali. Mfalme wao anasimama mbele ya mataifa kudai mashujaa wawekewe sheria, na filamu nzima inageukia dai hilo. Avengers: Age of Ultron ya mwaka 2015 ilipiga picha Johannesburg kwenyewe, ikamwachia Hulk aubomoe mji kwa dakika kadhaa, ikaondoka. Wakazi wa mji huo hawakupewa nafasi ya kusema walichopoteza.

Filamu ya Afrika Mashariki iliyolijibu kwa ukamilifu swali la shujaa ni wa nani ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2018. Kwa tafsiri kali haimo kwenye orodha, maana haikutoka kwenye jarida lolote. Lakini mhusika wake amejaa mashujaa wa katuni kichwani. Jo, akichezwa na Stycie Waweru, ni mtoto wa Kenya mwenye maradhi yasiyopona, na mama yake amemtoa hospitali ili amalizie siku zake nyumbani. Dada yake Mwix anakataa kukaa kumsubiria kifo. Anamshawishi Jo kwamba ana nguvu za ajabu, kisha anawaomba wanakijiji washirikiane: vitu vinasogezwa kwa ujanja, watu wanasimama ghafla barabarani kana kwamba mtoto ameusimamisha wakati. Mike, mwonyesha sinema wa kijiji, anaingizwa katika njama hiyo, na hatimaye kijiji kizima kinapiga filamu ambayo Jo ndiye steringi.

Inachofanya filamu hii kwa dakika 74 ni kuugeuza mpango wa kawaida wa hadithi za mashujaa. Nguvu za Jo zote zimo mikononi mwa jirani zake. Akinyanyua mkono na gari likasimama, ni kwa sababu dereva ameamua kukanyaga breki. Mama yake, akichezwa na Marianne Nungo, anapinga mchezo huo kwa hofu ya kumdanganya mtoto, na pingamizi lake linapewa uzito unaostahili. Kumshawishi ndilo pambano gumu zaidi katika kisa kizima. Mazungumzo yamo kwa Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza, jinsi familia nyingi za huko zinavyozungumza, na wakati Jo anapofariki filamu haimletei muujiza. Jopo la waamuzi watoto katika tamasha la Berlin liliitaja kwa heshima, na Kenya ikaichagua iiwakilishe kwenye Oscar za mwaka 2019, sherehe zile zile ambazo Black Panther ilitunukiwa tuzo zake tatu.